Mistari ya Fundi Luan

Mistari ilikuwa imenyooka mno. Hicho ndicho kilichomtia Yanqiu wasiwasi asubuhi ile ya Ijumaa, alipokuwa akimvua baba yake fulana katika kichumba cha kubadilishia nguo pale hospitalini. Kifuani mwa mzee kulikuwa na misalaba mitatu ya wino wa zambarau, mmoja katikati na mmoja kila ubavu. Wiki nne nzima misalaba hiyo ilikuwa ya hovyo hovyo, kwa sababu Bi Geng, mwendesha mashine, alichora kwa haraka zake kama mtu anayeandika bei kwenye gunia. Jumatano na Alhamisi mzee alijifungia akavua mwenyewe, Yanqiu hakuiona. Leo ilikuwa imekaa sawasawa, pembe zake pembe kweli, ncha zimekatwa safi.

"Baba, hii mistari imekuwaje?"

"Imekuwaje nini?"

"Imenyooka."

"Ala! Na ikinyooka ni kosa? Labda jana huyo bibi wa mashine aliamka na mkono mzuri. Nipe koti, naganda hapa."

Lakini alisema hayo huku akitazama ndoano ya kutundikia nguo. Fundi Luan, seremala kwa miaka arobaini, aliyetengeneza nusu ya milango na madirisha ya mji ule, akiwa na haki hukutazama usoni mpaka wewe ndiye unayeinamisha macho. Akiwa na lake jambo, hutafuta ndoano. Yanqiu alimjua baba yake.

Usishangae mwanamke mzima wa miaka arobaini na tatu kuhangaishwa na wino. Fundi Luan alikuwa na saratani ya pafu la kulia, na hakujua. Wengine wote walijua. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu: daktari anawaita ndugu kando, ndugu wanatia saini, na mgonjwa anaambiwa kitu chepesi cha kulala nacho. Fundi Luan aliambiwa kifua kikuu cha ujanani kimemwachia maji pafuni, na mashine ya mionzi itayakausha. Kila asubuhi Yanqiu alitangulia hospitalini na kupita benchi kwa benchi akinong'ona, "Shangazi, samahani, mzee wangu hajui. Mjomba, tafadhali, mzee wangu hajui." Watu wakamwitikia kwa kichwa. Nusu yao walikuwa na mtu wao asiyejua.

Na kuhusu mistari, Daktari Bao alimweleza Yanqiu mwenyewe, siku ya kwanza kabisa. Pafu la kulia la mzee lilikuwa na uvimbe juu, na chini yake sehemu nzuri. La kushoto lilikuwa limechakazwa na vumbi la mbao na sigara. "Anapumua kwa ile sehemu nzuri," daktari alisema. "Mionzi haichagui. Ikipiga uvimbe, uvimbe unaungua. Ikipiga pafu zima, pafu zima linavimba, halafu linabaki kovu, na kovu halipumui. Mistari hii ndiyo inayotuonyesha wapi tupige na wapi tuache. Asiisugue, isifutike." Yanqiu akaenda kumwambia baba yake asiisugue, isifutike. Kwa nini, hakumwambia. Angeanzia wapi?

Basi kipaza sauti kikaita, "Luan Dezhong, chumba cha pili."

"Baba, ngoja kidogo."

"Nini tena?"

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na Bi Geng, mwanamke mnene wa miaka hamsini, alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Yanqiu angesema maneno machache tu: hebu itazame hii mistari. Lakini mdomo wa Bi Geng haukuwa na breki. Angepayuka palepale mbele ya mzee kwamba saratani si mchezo, na uongo wao ungeporomoka wote. Na mama yake alikuwa amemwapisha: baba yako akijua atalala kitandani asiamke tena, kama alivyofanya kaka yake.

Akajiambia labda ni macho yake tu. Akajiambia atauliza baadaye.

"Hakuna kitu," akasema. "Nenda, wasije wakakupita."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akaingia. Mlango mzito ukafungwa nyuma yake. Yanqiu akakaa kwenye benchi kwa dakika kumi na mbili, akiutazama mlango huo.

Mchana, nyumbani kwa wazazi wake, mama yake alikuwa akikatakata kabichi chachu ya kupika na nyama ya nguruwe. Baba yake alikuwa amelala chumbani. Yanqiu akafunga mlango wa jikoni.

"Mama, Jumanne baba alikuwa wapi?"

"Si alikwenda kwa Kou kucheza sataranji."

"Alirudi vipi?"

"Kwa miguu."

"Mama!"

"Alirudi mwekundu kama kamba aliyechemshwa, ananukia sabuni. Nikamwuliza, akasema kwa Kou kuna joto kali." Mama akatua kisu. "Kwani wewe unawaza nini? Mwanamke? Huyu mzee? Nani amtake, na hicho kifua chake!"

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema Yanqiu.

Kwa sababu sasa alikuwa amekumbuka. Jumanne ilikuwa siku ya kumuaga mungu wa jikoni, wiki moja kabla ya Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi. Siku hiyo, miaka nenda miaka rudi, Fundi Luan na Kou na wenzao wa karakana ya zamani walikwenda nyumba ya kuogea. Walijitumbukiza katika maji ya moto mpaka wakalainika, kisha wakalala juu ya vitanda vya plastiki, na msuguaji akawapitia na dodoki gumu, mgongo, mbavu, kifua, mpaka nongo za mwaka mzima zikatoka kwa mafungu. Nani anaingia Mwaka Mpya na nongo za mwaka jana? Hata mlevi wa mtaani haingii hivyo.

Yanqiu akaingia chumbani kwa kunyata. Mzee alikuwa akikoroma. Kwenye kioo cha kabati, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, palikuwa na doa la zambarau. Akavuta sanduku la vifaa lililokuwa chini ya kitanda. Juu kabisa palikuwa na timazi ya kupimia wima, uzi wake umezungushwa vizuri, na rula ya chuma yenye pembe, ukingo wake wa zambarau. Kando yake kichupa cha ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomo, kimebaki nusu.

"Unapekua nini?"

Koromo lilikuwa limekatika, naye hakusikia.

"Hii ni nini, baba?"

"Dawa ya vidonda."

"Na rula nayo ina vidonda?"

Mzee akaketi, nywele zimemsimama. "Haya, nilikwenda kuoga! Nimeua mtu? Mwezi mzima mnanifuta kwa kitambaa kama meza. Yule msuguaji alinisugua mpaka nikang'aa, na nilipotazama kifua, mistari hakuna, kimebaki kivuli tu. Nikajua ukiona utanipigia kelele. Basi nikaichora. Kwa kipimo! Nikasimama hapo mbele ya kioo, nikatundika timazi, nikafuata kivuli. Ya yule bibi ilikuwa imepinda, nikainyoosha. Anishukuru!"

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini ninyi hamsemi?"

Yanqiu akaanza kulifunga sanduku.

"Unadhani mimi mjinga," mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Maji gani ya kifua kikuu yanakaushwa pamoja na watu wasio na nyusi? Kila nikiingia pale, foleni nzima kimya, kana kwamba nimebeba jeneza mgongoni. Juzi nilimwuliza mzee mmoja, mwenzangu unaumwa nini? Akanitazama mimi, akakutazama wewe, akasema, meno. Meno! Anapigwa mionzi ya kifua kwa ajili ya meno!"

Siku nyingine Yanqiu angecheka mpaka machozi.

"Ni kifua kikuu, baba."

"Basi kama ni kifua kikuu, mstari ukisogea kidogo una nini?" Akamkazia macho. "Eti, una nini?"

"Jumatatu nitamwambia Bi Geng aichore upya," akasema, akatoka. Alijihisi kama mwizi aliyekutwa dirishani. Jumamosi na Jumapili hospitali haikupiga mionzi. Kila alipomtazama mzee alimkuta mzee ameshaanza kumtazama yeye, na wote wawili wakageuza nyuso na kuuliza kama chai ipo.

Jumatatu saa moja asubuhi alimkuta Bi Geng akivaa koti lake jeupe, akamwambia yote kwa pumzi moja.

"Kachora yeye?" Bi Geng akaduwaa. "Kwa mkono wake?"

"Kwa timazi."

"Mama yangu wee! Na mimi Jumatano, Alhamisi, Ijumaa nimempiga kwenye mistari ya seremala." Akaketi kwenye kiti, kiti kikalia. "Niliiona imenyooka, ujue. Nikadhani mwenzangu wa zamu ya jana yake kaipitia. Nikasema leo angalau mtu kafanya kazi safi." Akainua kichwa ghafla. "Wewe ulijua lini?"

"Jumamosi."

Uongo ukamtoka kirahisi, kama ule mwingine wote.

Kila Jumatatu mashine ilipiga picha kabla ya mionzi, kuhakikisha mwili umelala mahali pake. Fundi Luan alipofika na mkewe, wakamlaza, wakapiga, na Daktari Bao akamwita Yanqiu kwenye kioo cha picha. Alikuwa mtu mwembamba asiyependa maneno mengi.

"Vidole viwili," akasema. "Tazama. Alichora amesimama. Mzee akijinyoosha mbele ya kioo ngozi inavutwa juu, akilala inarudi chini. Huko mbele ya kioo chake alikuwa sahihi kabisa. Juu ya kitanda chetu mistari yake iko vidole viwili chini. Siku tatu tumeukosa ukingo wa uvimbe, tukapiga ile sehemu tuliyokuwa tunailinda."

"Itaungua?"

"Sijui. Hakuna anayejua leo. Nitapanga upya siku zilizobaki niipunguzie mzigo. Lakini ikitaka kuvimba itavimba baada ya wiki, au miezi. Dalili ya kwanza ni kikohozi kikavu na homa ndogo, vitu ambavyo mtu wa hapa anavimeza na maji moto akasubiri sikukuu ipite. Ukiwahi, vidonge vinaituliza. Ukichelewa, ni kovu." Akavua miwani. "Hawezi kulinda kitu asichokijua. Nimewavumilia mpaka hapa kwa sababu kila familia inaniomba hivyo, lakini huyu sasa lazima ajue. Mwambie wewe au nimwambie mimi. Nakupa dakika kumi."

Mama yake alikuwa kwenye benchi nje. Alipoona uso wa binti yake akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana. Yanqiu akampita. Baba yake alikuwa katika kile kichumba, koti mabegani.

"Baba, si kifua kikuu," akasema. "Ni saratani. Ya pafu."

Mzee hakupepesa jicho.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi."

"Mama yako?"

"Anajua."

"Kou?"

"Anajua."

"Yule wa meno?"

"Anajua, baba."

Akaguna. Akafunga na kufungua kifungo kimoja cha koti. "Na hii mistari?"

Yanqiu akamweleza, mara hii yote: sehemu mbovu, sehemu nzuri, vidole viwili, siku tatu. Alilia huku akieleza na hakujali nani anamsikia. Mzee akageuza viganja vyake akavitazama, viganja vyenye sugu za miaka arobaini.

"Mikono hii haijawahi kukosea kipimo mtu akiniambia mlango ni wa kwenda wapi," akasema. "Ungeniambia ni ya nini, Yanqiu, nisingegusa hata mmoja. Ningekaa bila kuoga mpaka mninukie. Mngekula barazani."

Hakulala kitandani asiamke, kama mama yake alivyoapa. Siku hiyo hakula, na mkewe hakumsemesha mpaka jioni. Kesho yake akamwomba Daktari Bao amwonyeshe picha, akauliza mionzi inaingia kwa pembe gani, akauliza mara mbili. Bi Geng alipomchorea mistari mipya alilala bila kutikisika na kumwambia, "Pinda unavyotaka, bibi, mimi sina neno." Mwaka Mpya wote alioga kwa kitambaa. Kou alipokuja kumcheka aliambiwa atoke nje na theluji yake.

Mionzi ikaisha mwezi wa pili. Hapo ndipo Yanqiu alipoanza kuumwa yeye. Alikuwa akimpigia mzee simu asubuhi, mchana na jioni, na alisikiliza pumzi zake kuliko maneno yake.

"Umekohoa?"

"Nimepiga chafya."

"Ya namna gani?"

"Ya mtu mwenye pua!"

Alicheka naye, akakata simu, akabaki ameishika. Hakumwamini. Sauti mbona ilikuwa nzito? Mama mbona alimpokonya baba simu haraka? Aliwashuku wote wawili, akamshuku na Daktari Bao aliyesema "tusubiri" kwa upole mno. Lakini kilichomkaba hasa hakikuwa hicho. Siku tatu, kila mtu alisema. Siku tatu, mzee mwenyewe alisema, kosa langu. Na hakuna aliyejua kwamba siku ya tatu ilikuwa ya Yanqiu. Mara ngapi alifungua mdomo aseme, akauliza kama wamekwisha kula!

Mwezi wa tano, wakati maua ya zambarau yamefunika vichaka mbele ya majengo na dirisha la kila mtu liko wazi, simu ililia asubuhi, na aliyepiga ni mzee mwenyewe.

"Njoo na gari. Nimekohoa tangu nilipoamka. Kikavu. Homa ipo, ndogo. Ngazi za ghorofa ya pili nimesimama katikati nikatafuta pumzi. Sijaficha hata saa moja."

"Mama yuko wapi?"

"Sokoni. Usimsubiri, atatujaza kelele."

Alimkuta ameshavaa, picha zake za hospitali zimo ndani ya bahasha kubwa kifuani, amekaa kwenye kiti kidogo chini ya jengo. Alikuwa na rangi mbaya. Ndani ya gari aliegemea dirisha, na kila dakika chache kikohozi kilimtikisa, kifupi, kisicho na kitu ndani yake. Yanqiu aliendesha akitazama mbele. Hospitali ilikuwa bado mbali. Akajua kwamba asiposema sasa, hatasema.

"Baba."

"Mm."

"Ile Ijumaa. Kabla hujaitwa. Nilipoiona mistari nilijua si ya Bi Geng. Nilijua kabisa. Nikakuacha uingie, kwa sababu niliogopa atasema saratani mbele yako." "Siku ya tatu ni yangu, baba. Si yako."

Walipita soko, wakapita shule, wakasimama kwenye taa nyekundu.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiitazama."

"Ulijua nimeona? Na ukaingia?"

Akakohoa mara mbili, akaweka kiganja kifuani, akangoja pumzi irudi.

"Tangu Jumatano nilikuwa na hofu," akasema. "Usingizi sikupata. Ijumaa ile nilitoka nyumbani nimeshaamua kumwambia yule bibi kwamba nimechora mwenyewe, wanifokee yaishe. Halafu nikakuona umeshaiona, ukasema hakuna kitu, nenda. Moyo wangu ukatulia, mwanangu. Nikajiambia, Yanqiu hawezi kuona jambo la kunidhuru akanyamaza."